Mutoto mu bulangeti

Papa na Chance,

Mama Alima, jirani wetu, anasema eti aliona mutoto muchanga ku kitanda ya Papa, na mimi nikimubembeleza. Tayari alileta sabuni ya kumuogesha!

Ile iko sufuria. Nilichemusha maharagi kidogo, nikaiondoa ku moto ya mbabula na kuifunga mu bulangeti, ili yaive bila kumaliza makala ya kupikia. Chance, usifungule mbele ya midi, saa sita. Moto itatoka, tutakula mawe. Kama njaa inakusumbua, ~~onja moja tu~~ kunywa maji.

Nilitaka kumurudishia Mama Alima sabuni yake. Lakini bulangeti haikuenea, Papa. Niliongeza koti yako ya misa, na supu ikamwangika juu yake.

Niko ku soko. Tafazali, Papa, tunaweza kubakia na mutoto mupaka koti ifuliwe na ile sabuni?

Binti yako Myriam, yaya ya Chance