Lilly, Usiombe Chuo Kimoja

Lilly, maharage yapo jikoni. Yafunike, nzi wa leo hawana adabu.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia mama yako utaomba chuo kimoja tu, hiki cha hapa Juba, eti Babu atapikiwa na nani. Mimi niliyemfukuza kiboko mtoni kwa mwiko? Umeniumiza kidogo, mjukuu wangu.

Omba vitatu: cha hapa, cha Kampala, na kile cha Eldoret unachokitaka sana. ~~Kampala ni karibu, ungechagua hicho.~~ Wakikuita Eldoret, nenda.

Nimepanda boda kwenda mtaa wa Atlabara kutoa kopi za cheti chako, seti tatu.

Maharage yameungua kidogo chini. Hiyo si sababu ya kubaki.

Babu yako, mpishi