Lile Fupi Niwekee

Nachingwea, hospitalini

Dada Somoe, nakusalimu wewe kwanza, kisha Hamisi wangu niliyekuachia.

Huku dawa ya huzuni yangu si vidonge tu. Asubuhi nesi anatukalisha wanawake watano kwenye mkeka, kila mtu aseme lililomkaa moyoni. Kisha anatuonyesha vitu kumi, anavifunika kwa kanga, nasi tuvitaje, ili akili iamke. Mwisho tunajinyoosha kama paka, tunalala chali na kuvuta pumzi polepole. Ni mazoezi ya Kihindi, anayaita yoga.

Jana sikukumbuka hata kitu kimoja. Shemeji aliponiletea mihogo juzi, alisema Hamisi ameanza kukuita mama. Basi nikatamka mbele ya wote, "Namwonea wivu dada yangu!"

Bi Asumini wa Nambilanje, mmoja wetu wa mkekani, akacheka. "Mwenzangu, anakuogeshea mtoto, anakulishia, nawe unamnunia?"

Nililia, halafu nikacheka naye. Tulipolala chali, pumzi ikashuka mpaka tumboni, mara ya kwanza tangu nijifungue. Leo nimetaja vitu tisa.

Wivu haujaisha, dada, nisikudanganye. Nesi anasema nikiendelea hivi nitarudi Matambarale karibuni. Mlishe, mbembeleze, mbebe mgongoni kama wako. Lakini akikuita mama, mwambie, "Mimi mama mkubwa." Jina lile fupi niwekee mimi, nakuja kulichukua.

Mdogo wako akupendaye na kukununia,
Zainabu