Nani Anasoma Ujumbe Wangu Simu Ikiwa Sandukuni?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapoteza kazi, mume au akili, maana sijui kipi kitatangulia.

Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda kikubwa cha dobi kinachofua mashuka ya hoteli, na kwetu hairuhusiwi kuingia na simu kwenye chumba cha mashine, kila mtu anaweka yake kwenye sanduku la chuma pale mlangoni, msimamizi anafunga kwa kufuli na ufunguo anauvaa shingoni mpaka saa ya mapumziko. Sasa miezi miwili hii nikiichukua simu yangu nakuta ujumbe wa dada yangu umeshasomwa, na dada analalamika kwa nini nasoma halafu nanyamaza, wakati mimi tangu asubuhi nimeshika pasi. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikamfuata msimamizi nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba anafungua simu zetu, akanitazama, akasema, "Dada, mimi hata ya kwangu naifungua kwa kubahatisha," na tangu siku hiyo hatusalimiani. Nikabadilisha namba ya siri, ujumbe ukaendelea kusomwa. Nikamgeukia mume wangu nikambana, akaapa hajawahi kuigusa, basi naye amenuna.

Hapo bado. Wiki iliyopita nimefungua nimwandikie dada, nikakuta pale pa kuandikia pana maneno tayari, hayajatumwa: "Mwanangu, sikujua." Mshauri, dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka sita, nikimwita mwanangu atanizaba kofi. Nikafuta. Kesho yake nikakuta tena, "Mwanangu, sikujua, nilidhani namsaidia," na nikiwa natazama kwa macho yangu haya, yakaanza kupungua kidogo kidogo mpaka yakaisha. Nikaitupa simu kitandani. Mwenzangu mmoja kazini anasema ni wadukuzi, mwingine anasema nikaombewe.

Kinachonitisha ni kwamba ninayomwandikia dada ni ya ndani kabisa, mengi yanamhusu mama mkwe. Tunaishi naye tangu alipotolewa mtoto wa jicho, ndiyo miezi miwili sasa, ni mtu mwema ila ana mambo yake, nikiosha vyombo anavirudia, nikikunja nguo anazikunjua azikunje upya, na mimi kukunja ndiyo kazi inayonilisha, basi nikichoka namtolea dada dukuduku, kwamba huyu mama ananiona sijui kitu, kwamba nahesabu siku aondoke, maneno ya hasira tu, unajua mtu akichoka. Yakimfikia mume wangu nimekwisha.

Na huyo mama mwenyewe amebadilika, vyombo havigusi tena, chakula anakula chumbani, na juzi amemwambia mwanawe kwamba Jumamosi anarudi kwake kwa sababu anatubana. Sisi tulidhani amestarehe, tulimpa tableti yangu ya zamani aangalie picha za wajukuu, nikamkuzia na herufi asiumize macho, kutwa anayo mkononi. Nikirudi kazini bado nakuta mlangoni beseni la maji ya moto la kukanda miguu, ila yeye kajifungia, na juzi nilijikuta nalia juu ya lile beseni bila kujua nalilia nini. Lakini hayo ni mengine, nisikuchoshe. Niambie tu nani kaingia kwenye simu yangu na namtoaje.

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi,

Kaa chini kwanza. Hakuna mdukuzi, hakuna jini, na msimamizi wako hana kosa. Aliyeingia ulimkaribisha mwenyewe, ukamkuzia na herufi.

Tableti uliyompa mama mkwe bado imeunganishwa na akaunti yako. Ujumbe ukiingia kwenye simu, unaingia na kule. Ukifunguliwa kule, kwako unaonekana umesomwa, hata simu ikiwa imefungiwa kufuli. Na mtu akianza kuandika kule bila kutuma, wewe huku unayaona maneno yake. Aliyeandika "Mwanangu" ni mama mtu mzima aliyetaka kumweleza dada yako jambo ambalo kukwambia wewe ameliona zito. Alijaribu mara mbili; ya kwanza ukayafuta wewe, ya pili akashindwa, akayafuta mwenyewe.

Unaniambia ya mama mkwe ni mengine. Ni hayo hayo, bibie. Amesoma habari ya vyombo, akaviacha. Amesoma kwamba unahesabu siku, akaamua kukupunguzia hesabu. Na neno hajalitoa, hata kwa mwanawe. Wengine tungepiga kelele mtaa mzima usikie.

Utasema, mbona alisoma ya watu? Siku ya kwanza nadhani hakujua. Kitu kimelia mkononi mwake, akakifungua. Zilizofuata, niambie nani angeacha kusoma akiona anasemwa. Uchovu wako nauelewa, na kila mtu anahitaji dada wa kupiga naye soga. Ila heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa miezi miwili mfululizo.

Sasa nisikilize, maana najua kidole chako kinakoelekea. Usifute chochote. Ukifuta kwenye simu, kule kwake nako yatafutika, atajua umeshagundua na umechagua kuficha. Wala usikimbilie kuiondoa tableti kwenye akaunti. Ujumbe ukitoweka mbele ya macho yake ataona amefungiwa mlango. Mdomo kwanza, mipangilio baadaye.

Leo ukitoka kazini, piga hodi chumbani kwake. Usimtume mumeo na usimwandikie. Mwambie, "Mama, najua umeyasoma. Nilikosea, nisamehe." Neno "lakini" liache nje. Akishatulia, na kama kweli unataka abaki, mwambie kwa kinywa chako, asilazimike kukisia. Vyombo navyo vizungumzeni hapo hapo kwa adabu; mtu mzima huvumilia kuambiwa, hawezi kuvumilia kusengenywa. Jumamosi akishikilia kuondoka, mbebee mzigo hadi kituoni na muulize atarudi lini. Mumeo mweleze yote wewe mwenyewe. Msimamizi ulimwaibisha mbele ya watu, basi mwombe radhi mbele ya watu hao hao.

Mkishapatana, ketini pamoja na simu na tableti. Ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, itoe tableti, kisha mfungulie akaunti yake kwa namba yake. Halafu mwandikie kitu, hata salamu tu. Miezi miwili mama huyo amesoma ujumbe kila siku, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake.