Meza Yako Tuliikuta Safi

Mwaka umetimia, mama, tangu utuachie cherehani yako na kiti chako cha nyuma kanisani. Ninayeandika ni mimi, kitindamimba wako. Wakubwa zangu wamesema eti nina mwandiko mzuri. Ukweli ni kwamba wanaona haya. Nami naona haya.

Uliketi karibu na mlango makusudi, uone visogo vya watu wote. Ibada ikiisha ulirudi nyumbani, na kabla hujavua hata kitambaa cha kichwani, ulichukua chaki ya kukatia nguo ukaandika pembeni mwa meza ya cherehani majina ya waliokosekana. Jina lilifutwa ukishamtembelea mwenyewe, si kabla. Wateja wakifuata magauni yao na kukuta mlango umefungwa, walijua Mama Mahudhurio yuko njiani.

Jina hilo tulikupa sisi, ukacheka. Hukumuuliza mtu kwa nini hakuja. Ulikaa, ukamkazia kifungo kilicholegea huku mkizungumza, mkasali, ukaondoka. Jirani yetu mwalimu anasema ulimrudisha kanisani kwa vifungo vitatu.

Kisha kifua kikakulaza wiki sita. Jumapili ya kwanza uliuliza, "Nani hakuwepo leo?" Tukakutajia wanne, ukatutuma kwa wote wanne, mapumziko yetu yakaishia huko. Jumapili ya pili kaka mkubwa alitukonyeza mlangoni. Ulipouliza tukajibu, "Wote walikuwepo, mama."

Uso ulikukunjuka. "Mungu ni mwema," ukasema. "Basi nipumzike kidogo."

Tukajiambia tumekufanyia wema. Tulikuwa wavivu tu. Tukarudia jibu lile kila Jumapili hadi ulipotutoka.

Siku ya mazishi, fundi wa kuchomelea mageti alimfuata baba. Alikuwa hajakanyaga kanisani tangu mkewe alipomwacha, katika wiki zile ulizolala. Hakujua hata kwamba uliugua, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumwambia.

"Mzee, nilikuwa namsubiri," alisema. "Nikisikia hodi, nasema ndiye huyo. Siku zikapita. Nikaona basi, kama hata yeye kaninyamazia, mimi sihesabiki tena."

Baba alitugeukia. Tukatazama viatu vyetu. Tuliporudi nyumbani tulikwenda moja kwa moja kwenye meza yako. Ilikuwa safi, haina jina hata moja.

Tunakiri leo mbele ya ndugu wote: tulikudanganya, mama, nawe ukaondoka ukituamini.

Sasa kaka mkubwa ndiye anayekaa mlangoni. Visogo bado vinamchanganya. Mwezi uliopita alikwenda kumfariji mzee wa kanisa aliyekuwa safu ya mbele ibada nzima. Lakini chaki anayo. Fundi alihudhuria Jumapili mbili, akatoweka tena. Jina lake liko mezani, na leo tukitoka kanisani tunakwenda kwake sote. Vifungo hatujui kukaza. Tutakaa tu.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa, ambaye bado anakuachia nafasi kitandani, upande wa ukutani. Na watoto wako wanne, wakwe zako, wajukuu, dada yako mkunga, na wote uliowahi kuwapigia hodi.

Tutakukumbuka siku zote. Na ungetuuliza leo, mama, tungekujibu: mmoja hakuwepo.