Roboti ya Evarist imeingia kwa mzazi

Severina umekaa? Mwalimu mwenzetu Evarist amekwisha.

Si unakumbuka tulimwambia anunue kontrola ya mota, ile ya kupeleka umeme mkubwa kwenye roboti yake ya kubeba maji? Akatucheka. Eti ya dukani ni ya wavivu! Akajiundia yake.

Leo kaitoa hapa Hirbadaw mbele za watu. Kontrola ikaungua, na kumbe ikiungua haikati umeme, inauachia wote! Roboti ikatimka na ndoo zake, Evarist nyuma anaiita kama mbuzi, ikazama ndani kwa mama aliyejifungua juzi.

Severina, nyumba ya mzazi! Mwanamume haingii humo!

Wanawake wakakaa baraza lao palepale. Bibi mmoja akamwuliza taratibu, "Hicho kilichokataa kusimama, ulinunua au ulitengeneza?"

Na yule mjinga, kifua mbele: "Shikamoo bibi, nimetengeneza mwenyewe! Kwa mikono yangu!"

KWA MIKONO YAKE. Alijibu hivyo!!

Bibi akasema, "Marahaba. Basi umeingia mwenyewe."

Faini ni dume jeusi la ng'ombe. Hilo atanunua tu, hawezi kulitengeneza.