Tumbo la Alhamisi

4 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona tangu mwezi uliopita. Mimi sijambo kiasi. Sukari inapanda na kushuka, miguu inawaka moto, lakini dawa za kadi yako ya bima zinanisimamisha.

Mama yako mdogo ananiambia unataka kuacha kazi kiwandani ili uwafundishe watu kushona kwenye simu. Nilimuuliza tena nikidhani nimesikia vibaya. Nilipiga pasi sare katika kiwanda hicho mpaka viganja vikakakamaa. Nilipostaafu sikuomba zawadi, niliomba mwanangu apewe kiti cha karani wa stoo. Kiti hicho kina mshahara kila mwisho wa mwezi, kina bima, na bima hiyo ina jina langu. Hiyo simu yako ina jina la nani? Mshika mbili moja humponyoka, na mimi najua ni ipi itakayokuponyoka.

Mama yako

11 Februari

Mama,

Shikamoo, na hii uihesabu kwa zote nilizokosa. Pole kwa miguu. Usiiloweke kwenye maji ya moto, daktari alishakataza.

Mama mdogo ametia chumvi. Sijaacha kazi. Naamka alfajiri, narekodi namna ya kukata kola au kuweka zipu, kisha nakimbilia stoo kuhesabu vifungo hadi jioni. Wanaolipia masomo si wengi, na kuna mwezi hawalipi kabisa. Ndiyo maana sijaacha. Lakini inaniudhi ukisema "kwenye simu" kana kwamba nacheza. Stoo nahesabu vifungo vya watu wengine. Kwenye simu nafundisha kazi niliyojifunza kwenye cherehani yako.

Alhamisi ijayo nina somo la mubashara, la kwanza, na wanafunzi wameshalipia. Nitamwambia meneja tumbo linaniuma. Usinune, ni siku moja tu. Nitakutumia linki kwenye ile simu niliyokununulia ili unione. Nakuomba kitu kimoja, uangalie kabla ya kukasirika.

Mwanao,
Sindano

Alhamisi, 19 Februari, chini ya video

Mwanangu Sindano,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima, na najua u mzima kwa sababu nakuona hapa unacheka na mkasi mkononi. Jirani yangu muuza mkaa amenionyesha mahali pa kukuandikia, chini ya picha yako, nami naona hapa ni haraka kuliko posta.

Umemdanganya meneja kwamba tumbo linakuuma. Tumbo gani hilo linalosimama muda wote huu likifundisha watu kukata kola? Mzee yule alikupokea kwa heshima yangu. Akijua, atakufukuza, na kadi ya bima itakwenda na dawa zangu. Zima simu, vaa viatu, nenda kazini. Na hiyo kola umeikata vibaya, upande wa shingo umeuacha mrefu.

Haya nimekuandikia wewe tu, usimwonyeshe mtu.

Mama yako aliyekuzaa

27 Februari

Mama,

Shikamoo. Hali sikuulizi, maana nikikuuliza nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kugomba.

Ile haikuwa barua. Chini ya picha yangu ni sawa na ukuta wa sokoni, kila apitaye anasoma. Wanafunzi walikusoma mimi nikiendelea kufundisha. Nikaona wanatuma alama za kucheka, nikadhani wamelipenda somo. Mke wa meneja ni mmoja wao. Siku ya pili nilikuta mtu mwingine kwenye kiti changu. Meneja hakupandisha hata sauti. Aliwaita wenzangu wote wa stoo, akatoa simu, akawasomea maneno yako tangu salaam hadi kwenye kola. Kisha akaniambia, "Haya, nenda ukaliuguze tumbo lako." Kadi inakufa mwisho wa mwezi ujao.

Nilikuwa najenga taratibu, mama. Nilishika mbili kwa sababu moja ilikuwa ya kwako. Nayo umeipiga teke wewe mwenyewe. Usinipigie. Usiniandikie popote, juu wala chini.

Sindano

9 Machi

Mwanangu,

Hukunijulia hali, basi na mimi sikujulii. Miguu ipo palepale.

Unanikataza kuandika. Siamrishwi na mtoto niliyemfuta makamasi. Nina hasira na wewe. Nina hasira na muuza mkaa, aliyejua pale ni uwanjani akaninyamazia. Na nina hasira na nafsi yangu hata chakula hakipiti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha uzima, mama yako akakuumbua. Ungemwomba meneja ruhusa kwa ukweli, maneno yangu yangekuwa kichekesho tu, watu wakacheka wakaenda zao.

Lakini kuyasoma kwa sauti mbele ya stoo nzima? Mashati ya mzee yule niliyapiga pasi tangu yeye mwenyewe akiwa karani. Hilo sitalimeza.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako

Alhamisi, 2 Aprili, chini ya video ya kuweka zipu

Kwenu nyote mnaosoma hapa,

Salaam. Safari hii najua mpo.

Mimi ndiye mama wa zile habari za tumbo. Mlicheka mkatumiana, na kicheko chenu kikamfikia bosi wa mwanangu. Yeye amepoteza kazi, mimi nimepoteza kadi ya dawa, na kwa mwezi mzima hanijibu. Sikuja kuomba huruma. Nimekasirika, na ninataka mnisikie nikiwa nimekasirika.

Mwanangu alidanganya, ni kweli. Tumbo halikumuuma. Mgonjwa ni mimi. Alikaa stoo akihesabu vifungo kwa ajili ya miguu yangu, na alfajiri, kabla ya kwenda huko, akawafundisha ninyi. Wewe meneja, najua mkeo atakufikishia. Maneno ya mama kwa mwanawe hukuandikiwa wewe. Na ninyi wengine, anayetaka kucheka tena alipie somo kwanza.

Sindano, nimeirudia video ya kola. Nimeangalia kabla ya kukasirika, kama ulivyoniomba. Umeikata sawasawa. Mbovu ni miwani yangu.

Mama yake Sindano

3 Aprili, chini ya maneno ya mama

Shikamoo mama. Miguu inaendeleaje?

Nimekusoma, na kama kawaida yetu, wamekusoma wote. Wengine wamelipia, labda kwa kukuogopa. Bado nina hasira na wewe. Usidhani imeisha kwa sababu ya miwani.

Jana nilikwenda kuomba kazi kwa washona mapazia. Nimewaeleza mapema kwamba alfajiri na Alhamisi ni zangu, na kwamba siumwi popote. Wamesema watafikiri. Wakinichukua, nitauliza bima kabla ya kuuliza mshahara. Wasiponichukua, tutaishi kwa masomo, na mwezi mbaya ukija tutaulilia pamoja.

Dawa nimezinunua kwa pesa ya kola. Nakuletea Jumapili, pamoja na kitambaa na mkasi. Utakata wewe, mbele ya simu, watu wamwone aliyenifundisha. Tukimaliza tutagombana vizuri, ana kwa ana.

Mpaka nifike, simu iweke kabatini, usiandike kitu.

Mwanao,
Sindano