Fimbo Iliyosikika Gehandu Nzima

Alhamisi. Upepo wa mlimani umeamka vibaya tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimekaa juu ya spika moja, naandika kwa kidole gumba kimoja. Kingine kina malengelenge ya kubeba jenereta.

Mimi ni mtu wa maiki. Nakodisha spika kwa harusi, misiba, injili na siasa. Sichagui. Msimu huu wa kura za maoni nimewatangaza wagombea wote wawili wa udiwani kwa sauti ileile tamu, na kila mmoja anaamini niko upande wake.

Wa kwanza ni Gidasali, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wa pili ni Mama Paulina, mjane wa mdogo wake. Mama huyu alianzia kamati ya maji, akapanda mpaka uenyekiti wa kitongoji, na shemeji yake muda wote huo anacheka tu. Alipochukua fomu ya udiwani, kicheko kikakauka.

Jumanne Mama Paulina alikuwa anahutubia mnadani hapa Gehandu. Gidasali alitoka katikati ya watu taratibu, kama anayekwenda kuomba maji, na fimbo yake ya kuchungia. Akaishusha kwenye mkono wa kulia, ulioshika maiki.

Mfupa ulivunjikia ndani ya spika zangu.

Sijui niliandike vipi vizuri zaidi. Sauti nilikuwa nimeifungulia yote kwa sababu ya upepo. Ulitoka mlio kama wa tawi kavu, halafu pumzi yake. Ya pili ikampata begani. Ya tatu alikuwa ameshaanguka. Mimi nilikuwa mwisho wa waya wa maiki, nyuma ya jenereta. Waya mrefu niliununua makusudi, kwa kuwa siasa ina mawe.

Jioni Gidasali aliwaambia wazee kwamba shemeji yake alijikwaa. Ajabu ni kwamba wanaume wengi walikumbuka hivyohivyo. Mnada mzima, kumbe, ulikuwa unatazama mbuzi.

Alisahau spika. Wanawake waliokuwa majumbani, wanaosaga, wanaokamua, wote walikuwa wameisikia ile fimbo. Na kwa Wabarbaig, mwanaume akimdhuru mwanamke, wanawake huketi kikao chao wenyewe. Mwanaume hasogei pale, na hukumu yao haina rufaa. Wakaketi. Wakasema: dume jeusi la ng'ombe la Gidasali life kwa fimbo.

Jana nilimpelekea Mama Paulina mtandio wake zahanati, nikamkuta katibu wa chama ameshafika. Anambembeleza awazuie wale wanawake, maana dume likiuawa wanaume wote watamnyima kura, na safari yake ya siasa itaishia hapohapo kitandani. Mama alisema kikao hakukiita yeye, hawezi kukifukuza. Katibu akarudia habari ya kura za wanaume.

"Nikiwazuia, katibu," akamwambia, "ni mwanamke gani atanipigia?"

Leo asubuhi walikwenda. Msururu mrefu, kila mmoja na fimbo, wanaimba. Nilifuata kwa mbali, umbali wa mtu anayetafuta mtandao. Gidasali alikuwa amesimama kwenye lango la miiba, na hoja ameiandaa.

"Sikumpiga mwanamke," alisema. "Nilimpiga mgombea."

Nakiri ni hoja nzuri. Ila tu juzi mama alikuwa amejikwaa.

Bibi aliyewaongoza, wa gauni la ngozi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, baba. Mgombea atakufuata kwenye sanduku la kura. Sisi tumekufuata kwa ajili ya mwanamke. Sogea."

Hakusogea. Fimbo zikampata magotini, halafu mgongoni, akatambaa pembeni na kofia yake ikabaki inakanyagwa. Dume walilitoa nje ya boma, wakalipiga mpaka likapiga magoti, wakalipiga mpaka likalala, na hawakuacha wimbo hata lilipokuwa linakoroma. Damu ilirukia mpaka kwenye shanga zao. Watoto wa Gidasali, wanaume wenye ndevu, walishikana mikono wakatazama. Laana ya akina mama haina dawa.

Nilitapika. Kwa heshima, nyuma ya kichaka.

Saa tisa Mama Paulina akaniita. Mkono umefungwa plasta, macho makavu. Anataka mkutano Jumamosi, palepale mnadani, na niende na maiki ileile. Nikamwambia imebonyea, inakwaruza.

"Ndiyo ninayoitaka. Wakisikia inavyokwaruza watakumbuka."

Huyu mama ni mwanasiasa. Nilikuwa sijajua kiasi gani.

Wakati natoka, katibu alinivuta pembeni. Ndugu za Gidasali wameonekana bondeni wanakata fimbo mpya. Safari hii, alisema, hawalengi mkono. Amemweleza mama, naye amejibu kwamba maiki atashika kwa kushoto.

Tangu saa hiyo nimetafuta harusi ya Jumamosi, iwe Katesh, iwe Dongobesh, hata Yaeda Chini kusiko na barabara. Hakuna anayeoa.

Basi nimechukua koleo, nimeukata waya wa maiki. Kipande kilichobaki kinanifikisha begani kwake, mbele kidogo. Atakayemfuata Jumamosi atanikuta mimi kwanza.

Mimi si shujaa. Waya tu ndio mfupi.